Mishono Mitatu ya Buluu

Sikuwa na usingizi. Sikuwa na mke. Alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Sikuwa na mwanafunzi wa kurithi ufundi wangu, sikuwa na redio inayoshika stesheni zaidi ya moja, sikuwa na miwani yenye miguu yote miwili, sikuwa na hamu ya kula chochote kinachodai kutafunwa, na katika umri wa miaka sitini na minne sikuwa nimeiona bahari hata mara moja. Kofia nzuri nilikuwa nayo. Na sindano.

Sindano zangu ni saba, na kubwa kuliko zote ni ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Mimi ni mshona magodoro ya sufi. Najua watu wengi siku hizi wanalalia sponji, lakini kwenye joto sponji humpika mtu mgongo, na wenye nyumba za wageni wanaojali wateja wao bado wanatutafuta. Godoro la sufi si gunia lililojazwa. Sufi huchambuliwa mbegu, huanikwa, hupigwa kwa fimbo mpaka ivimbe. Kitambaa cha mistari hukatwa, pindo hushonwa, kisha vinakuja vifundo: uzi wa katani unapita kutoka juu hadi chini, unavutwa na kufungwa, ili sufi ikae mahali pake. Vile vishimo unavyoviona juu ya godoro ndivyo hivyo. Ukivilegeza mno, sufi yote inahamia miguuni. Ukivikaza mno ni habari nyingine, nitaieleza mahali pake.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mkali ambaye sisi wanafunzi tulimwita Bwana Pindo. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuitania kamwe. Godoro haliondoki karakana mpaka fundi aliyelishona amelala juu yake. Si kujinyoosha. Kulala, usingizi wenyewe, ule wa kudondosha mate. Akiamka vizuri, anachukua uzi wa buluu na kushona mishono mitatu midogo kwenye kona ya miguuni. Akiamka vibaya, anafumua. Wateja wetu wa zamani walijua. Kitu cha kwanza walichofanya ni kugeuza kona, kabla hata ya kujibu salamu.

Nilishika sheria hiyo miaka thelathini na sita. Kisha mke wangu akafa, na usingizi ukaondoka naye kama watu wawili waliokuwa na safari moja. Sitausimulia usiku, maana hauna masimulizi. Lakini mchana, godoro lilipokuwa tayari, nililala juu yake, nikafumba macho, nikahesabu mabati ya paa, nikainuka, nikashona mishono mitatu. Mara ya kwanza nilichungulia mlangoni kabla ya kushika uzi. Mara ya kumi sikuchungulia. Kwa miaka miwili nilishona uongo wa nyuzi tatu kwenye magodoro arobaini na moja, na hakuna mtu aliyejua.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, anauza vitambaa na nyuzi kwenye pikapu. Ana kipaji kimoja: analala popote. Nimewahi kumwona amelala kwenye kiti cha kinyozi huku mashine inanguruma sikioni. Siku moja alikuja karakana, akanitazama kama mtu anayekagua gari la kununua.

"Shemeji, umekauka," alisema. "Twende pwani."

"Nikafanye nini huko?"

"Ufanye haya haya unayofanya hapa, ila kwa upepo. Yule Mama Funguo wa nyumba ya wageni ya pwani, uliyemshonea magodoro manane mwaka jana nikampelekea, ametuma salamu. Kuna mtu kisiwani anataka sita. Mama Funguo ndiye aliyemwambia habari zako. Akishasema yeye, pwani nzima imesikia."

"Magodoro yashonwe huko huko?"

"Sufi tunabeba. Sindano unazo. Au unataka kuniambia mabati yako yatakukumbuka?"

Nilishtuka alipotaja mabati, lakini alikuwa anatania tu.

Tulisafiri siku mbili. Marobota ya sufi nyuma, mimi mbele na kofia yangu, shemeji akiimba nyimbo ambazo maneno yake alikuwa ameyasahau. Mtu asiyelala huona mchana kama kupitia chandarua: vitu vipo, vina rangi zake, lakini kati yako na vitu kuna kitambaa chepesi kinachopepea. Siku ya pili barabara ilianza kuteremka, hewa ikawa nzito na yenye ladha, na shemeji akanyoosha kidole.

"Ile pale."

"Ipi?"

"Shemeji, bahari haiulizwi ipi!"

Nilikuwa nimetarajia kitu kinachosimama mbele yangu kama ukuta. Kumbe ni kitu kilicholala. Kilikuwa kimelala kutoka upande mmoja wa macho yangu hadi upande mwingine, kikijigeuza taratibu, na kila kilipojigeuza pindo jeupe lilitokea pembeni na kupotea. Nilivua kofia. Sijui kwa nini. Nilihisi nimeingia chumbani kwa mtu bila kubisha hodi.

Mji wa Mama Funguo umejengwa kwenye mteremko, na barabara zake nyingi ni ngazi. Fundi viatu anakaa kwenye ngazi ya thelathini, kinyozi kwenye ya hamsini na tano, na kila kituo cha kupumzikia kina bomba la maji na ndoo inayosubiri zamu. Kamba za nguo zinavuka juu kutoka dirisha hadi dirisha, kwa hiyo unapanda chini ya mashuka ya watu, na upepo ukija mashuka yanavimba na mji mzima unaonekana unataka kuondoka. Nilipanda na kushuka siku nzima bila kazi yoyote.

Mama Funguo mwenyewe ni mwanamke mpana, mwenye funguo ishirini kiunoni, kiasi kwamba anasikika kabla hajaonekana.

"Fundi wangu! Mikono hiyo naijua, sura ndiyo nilikuwa siijui. Karibu, baba, karibu. Utalala chumba cha saba, juu ya kazi yako mwenyewe."

"Magodoro yanaendeleaje, mama?"

"Usiniulize! Zamani wageni wangu walikuwa wanalala mpaka jua linawachoma. Sasa alfajiri wote wako macho, wanateremka ngazi kwenda kuogelea. Nyumba inafagiliwa mapema, chai inanyweka mapema. Nawaambia wenzangu, magodoro ya fundi huyu yana heshima."

"Ni magodoro ya kazi hayo, mama, si ya uvivu," shemeji alisema, akipiga miayo.

Alinipeleka chumba cha saba. Kabla hata sijaweka mfuko chini, aligeuza kona ya godoro na kunionyesha mishono mitatu ya buluu, kama mtu anayemwonyesha mzazi cheti cha mtoto. Nilitabasamu. Nililala juu ya godoro lile macho wazi, na kwa mtu aliye macho lilikuwa godoro zuri kabisa, thabiti, halibonyei. Sikuona kasoro.

Siku tatu zilizofuata tuliendelea kusini polepole, shemeji akiuza vitambaa. Kuna mji mmoja wa chumvi ambao mpaka leo sina uhakika kama niliuona au niliuota macho wazi. Wamechimba mabwawa mapana yenye kina cha kidole, maji ya bahari yanaingia na kukauka, na watu wanatembea kwenye kingo na reki za mbao wakivuta chumvi iwe vichuguu. Mbingu yote ilikuwa ndani ya mabwawa. Mwanamke alipita mbele yangu na reki begani, na mwenzake alipita chini yake miguu juu, na wote wawili wakanisalimia kwa mdomo mmoja. Mlango wa duka ulikuwa mweupe, paka alikuwa mweupe, nyusi za muuza duka zilikuwa nyeupe. Nilinunua kiberiti na kutoka bila kukumbuka nilitaka kuwasha nini.

Baada ya hapo ufuko mrefu ulianza. Shemeji alisimamisha pikapu chini ya kivuli, akalala. Mimi nilivua viatu, nikatembea. Mchanga ulikuwa unalia chini ya nyayo kama kitambaa kipya. Kaa wadogo walitoka matunduni, wakanichungulia kama wapangaji wanaomwogopa mwenye nyumba, wakarudi ndani. Nilitembea mpaka pikapu ikawa doa, kisha nikakaa, na maji yakaja yakanigusa vidole, yakarudi, yakaja tena, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nilimfikiria mke wangu, lakini bila kuumia. Nilifikiria tu kwamba angeyaona mawimbi yale meupe, angeuliza nani anafua mashuka mengi hivyo.

Kisiwa kilikuwa mbele, kirefu na cha chini. Boti ya abiria inakwenda huko mara mbili kwa siku, inachukua nusu saa. Tulipakia marobota, abiria wakakaa juu yake bila kuomba ruhusa, na mzee mmoja akasema hajawahi kuvuka kwa raha namna ile. Upande wa kisiwa tulipokelewa na mwenye nyumba mwenyewe, mtu mwembamba mrefu, mstaafu wa melini, ambaye kisiwa kizima kinamwita Mpishi.

Nyumba yake ina vyumba sita na ua wenye mchanga safi. Nilianza kazi siku ile ile. Nilianika sufi, nikaipiga, nikakata kitambaa, na siku ya pili adhuhuri godoro la kwanza lilikuwa tayari, vifundo vyote vimefungwa kwa nguvu zangu za kawaida. Mpishi alikuja na kigoda, beseni la viazi na kisu.

"Nimelala kwenye vitanda vya kamba," aliniambia, "nimelala juu ya magunia, nimelala nimesimama nikishika bomba. Nilipostaafu nikasema, sasa nitalala kama binadamu, na wageni wangu vilevile. Mama Funguo ameniambia fundi wa kweli hulala kwanza, ndipo anaweka alama."

"Ndivyo ilivyo," nilisema.

"Basi lala. Mimi nakaa hapa namenya viazi."

"Utanitazama?"

"Sitakuimbia, usiwe na wasiwasi."

Nilijilaza. Nilifumba macho, nikapumua kama watu waliolala wanavyopumua. Maganda yalikuwa yanaanguka kwenye beseni, moja, moja. Nilianza kuyahesabu. Baada ya muda mrefu Mpishi akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, hujalala."

"Nimelala."

"Aliyelala hajibu."

Shemeji, aliyekuwa amejitupa juu ya robota la sufi uani, alicheka bila kufumbua macho.

"Mlaze huyo basi," nilisema kwa hasira. "Yeye atalala sasa hivi."

"Huyo angelala juu ya mawe. Ushahidi wake haufai." Mpishi alifuta kisu kwenye paja. "Sikiliza, ndugu yangu. Nimekaa na mabaharia miaka thelathini. Mtu anayejifanya amelala ili asiitwe zamu, mimi namjua kwa kope tu. Sikulaumu. Lakini bila wewe kulala, sichukui hata moja. Inuka ukatembee kisiwa. Kesho tena."

Kwa hiyo nilijikuta mahali ambapo miaka miwili nilikuwa nimekwepa kufika. Ama nilale, ama niseme ukweli, na ukweli ule ukishavuka maji kwa boti, Mama Funguo ataupata kabla ya chai ya asubuhi.

Nilitembea kisiwa. Njia yake kuu haina gari. Ina mikokoteni, baiskeli na kuku. Kuna karakana ya fundi boti yenye harufu ya rangi na mbao mbichi, chumba cha posta chenye dirisha moja na kengele, shule ambayo watoto wake wanakariri kwa sauti moja kama mawimbi. Ukitoka upande mmoja na kufuata maji, unarudi ulipotoka kwa upande mwingine, na mahali ulipotoka panaonekana pamesogea kidogo. Nilizunguka siku ile mara moja. Siku iliyofuata nililala tena mbele ya beseni la viazi, nikashindwa tena, nikazunguka mara mbili. Maji yalikuwa yamekupwa, nikatembea ndani yake mpaka magotini, suruali nimekunja, kofia kichwani. Samaki wadogo wanaong'aa waligawanyika mbele ya miguu yangu na kujiunga nyuma yake. Sikujua tena kama nachoka au napumzika. Kisiwa kilikuwa kinanizunguka mimi.

Siku ya nne sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nashona godoro la tatu chumbani, madirisha wazi. Nilikuwa nimeshafunga vifundo vya nusu ya juu, kichwani na mgongoni. Nusu ya miguuni ilikuwa bado. Nilipanda juu ili niifikie katikati vizuri. Niliegemea kwa kiwiko kutafuta mahali uzi ulipotokeza. Hilo ndilo jambo la mwisho ninalolikumbuka.

Mke wangu alikuwa amekaa ufukweni anachambua sufi. Alikuwa anatoa mbegu na kuziweka kwenye kikombe, na sufi safi anaiachia upepo, na ilikuwa inaelea juu ya maji kwa maelfu bila kulowa. Nilitaka kumwambia kwamba anapoteza mali, lakini sikuona haja. Alikuja, akasimama pembeni ya godoro na mikono kiunoni, kama alivyozoea, akasema, "Sogea kidogo." Nikasogea.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limehamia ukuta mwingine. Mate yalikuwa yamelowesha kitambaa. Mpishi alikuwa kwenye kigoda chake, viazi vyote vimekwisha, mikono imetulia.

"Umekoroma," alisema. "Hongera. Meli nzima ingeamka. Umelala karibu saa tatu nzima, bwana! Haya, toa uzi wako wa buluu."

Nilijaribu kuinuka, na hapo nikaona ajabu. Miguu na nyonga vilikuwa vyepesi kama vya mtu mwingine, kijana. Lakini mgongo na mabega viliuma kama nimepigwa fimbo pamoja na sufi. Nilijipapasa ubavuni nikakuta alama, kishimo kwa kishimo, mahali kila kifundo kilipokuwa kimenishika. Nilitazama godoro. Nusu iliyofungwa ilikuwa imeniumiza. Nusu isiyofungwa ilikuwa imenipumzisha.

Nilikaa pembeni ya godoro lile nikaelewa kila kitu, na sikupenda nilichoelewa. Miaka miwili nilikuwa napima magodoro nikiwa macho. Mtu aliye macho anapenda kitu kigumu chini yake, anataka kushikiliwa. Kwa hiyo mkono wangu, bila kuniuliza, ulikuwa umeongeza kukaza uzi, godoro baada ya godoro, mpaka nikawa nashonea watu wanaokesha. Na watu wa kawaida wakilala juu yake, mwili ukitaka kuzama na kugeuka, vifundo vinawaamsha. Alfajiri wote wako macho. Wanateremka ngazi kwenda kuogelea.

"Siweki alama," nilimwambia Mpishi. "Godoro hili ni baya."

"Umelala saa tatu juu yake!"

"Nimelala kwa uchovu wa miaka miwili. Lingekuwa godoro zuri ungeniamsha kesho."

Alichukua beseni lake akaondoka, na nadhani ndipo alipoanza kuniheshimu. Nilikata vifundo vyote, vya magodoro yote matatu. Nilivifunga upya, nikiacha nafasi ya unene wa dole gumba, kama Bwana Pindo alivyonifundisha, jambo ambalo nilikuwa naapa kwamba sijaacha kulifanya. Kesho yake mchana nililala tena, mgongo mzima na miguu mizima kwenye godoro moja, na nilipoamka sikujua niko nchi gani, na haikunisumbua. Nilishona mishono mitatu.

Shemeji alifurahi mno. Alikaa kizingitini anakula chungwa.

"Umeona? Nilikuambia upepo. Sasa tunakuja kila mwaka. Mama Funguo atatuzungusha mji hadi mji, wewe unashona, unalala, unaogelea na kofia yako."

"Lazima nimwambie kuhusu yale manane."

"Kuhusu nini?"

Nikamweleza. Ndiye mtu wa kwanza kumwambia. Alisahau chungwa mkononi, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Miaka miwili?" alisema. "Shemeji, miaka miwili yote ulikuwa unahesabu mabati?"

"Mia moja na kumi na mbili."

"Dada angekuchapa."

"Angenichapa."

Alifuta kiwiko kwenye suruali. Kisha akasema, "Lakini yule mama anafurahi. Wageni wake wanafurahi. Wanaogelea! Wewe ukipita huko mwambie unakagua vifundo, huduma baada ya kazi, bure. Unavilegeza, unakunywa chai, unaondoka. Hakuna uongo hapo."

Nilifikiri sana juu ya njia hiyo, sitaficha. Ilikuwa nzuri na ilikuwa inafanya kazi ile ile: mwisho wa siku wageni wa Mama Funguo wangelala. Nami ningebaki na pwani yangu. Maana nilikuwa nimeitaka sasa. Nilitaka ngazi zile, mji ule mweupe, maji yanayogusa vidole, chumba hiki chenye jua linalohamia ukuta. Mwanamke yule akisema neno moja tu, "fundi yule hupiga alama za uongo," basi safari hii ya kwanza ndiyo ya mwisho, na nitarudi kwenye mabati.

Nilisoma darasa la jioni miaka minne, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, baada ya kazi, vidole vimejaa katani. Mwalimu wetu alitufundisha barua rasmi: anwani kulia, tarehe chini yake, salamu, kisha kichwa cha barua, na kila aya ibebe jambo moja. Niliomba karatasi kwa Mpishi, nikakaa kwenye meza ya jikoni. Barua ya kwanza nilianza hivi: *Yah: Ukaguzi wa Bure wa Magodoro.* Niliandika aya mbili nzuri sana. Nilizisoma kwa sauti. Zilisimama wima kama mtu aliyevaa koti la kuazima. Nikachana.

"Karatasi zangu hizo," Mpishi alisema kutoka kwenye jiko.

"Nitakununulia."

"Andika unachoogopa kuandika, utatumia moja tu."

Sikumwambia naandika nini. Sijui alijuaje, labda kwa kope.

*Yah: Magodoro Manane Niliyokushonea Mwaka Jana,* niliandika.

*Mama, salamu. Alama ya mishono mitatu ya buluu maana yake ni kwamba fundi amelala juu ya godoro na kuamka salama. Juu ya magodoro yako sikulala. Tangu mke wangu afariki sikuwa na usingizi, nami niliweka alama hata hivyo. Huo ulikuwa uongo, na ni wangu peke yangu.*

*Vifundo vimekazwa kupita kiasi. Wageni wako hawaamki mapema kwa sababu ya heshima ya magodoro; wanaamka kwa sababu wanaumia. Nimelijua hili hapa kisiwani.*

*Tafadhali kata alama za buluu kwenye magodoro yote manane, hata kabla sijafika. Ukiniruhusu nitakuja kuyafumua na kuyafunga upya, na kulala juu ya kila moja, siku nane. Usiponiruhusu nitaelewa. Ukiwaambia wenzako, utakuwa umesema kweli.*

Nilitia sahihi kwa majina yangu yote matatu, kama kwenye cheti. Shemeji alikuwa anasoma juu ya bega langu, akipumua chungwa.

"Hii si afadhali umwambie kwa mdomo tukipita?"

"Kwa mdomo atacheka, nitacheka naye, na habari yenyewe nitaiacha njiani. Unajua ninavyokuwa mbele ya watu wanaonisifu."

"Ninajua," alisema. "Na asipokuruhusu?"

"Basi tutapita kwenye ngazi zake tukiwa tumevua kofia."

"Mimi sina kofia."

"Utavua viatu."

Niliikunja karatasi mara tatu, pindo juu ya pindo. Bahasha ya Mpishi ilikuwa imekaa sana kwenye unyevu, gundi imeanza kushika yenyewe. Ilibidi niifungue kwa ncha ya kisu cha viazi, niingize barua, nilambe upya. Gundi ilikuwa chungu. Nilibonyeza ukingo wote kwa dole gumba, kutoka kona hadi kona, nikaandika anwani kwa herufi za kuachana.

Boti ya mchana ilikuwa imeshapiga honi ya kwanza. Nilitembea, sikukimbia, mpaka kwenye chumba cha posta. Karani alichukua bahasha kupitia dirishani, akaigeuza, akauliza kama ni ya haraka. Nikasema ndiyo. Akagonga muhuri, akaitupa kwenye mfuko pamoja na nyingine chache, akafunga mdomo wa mfuko kwa kamba na kumkabidhi mtu wa boti. Nilisimama gatini mpaka boti ikageuza pua kuelekea ng'ambo na mfuko ukiwa juu ya sitaha, kwenye jua.